Utoaji wa Sehemu Zenye Asili Tofauti

Utoaji wa sehemu zenye asili tofauti ni hesabu ya kuondoa sehemu moja katika nyingine ilhali namba zao za chini hazilingani, kama 3/4 − 1/10. Namba ya chini, asili, hueleza ukubwa wa kipande. Ya juu, kiasi, hueleza idadi ya vipande. Mwanafunzi akitoa juu kwa juu na chini kwa chini, 3/4 − 1/2 humpa 2/2, yaani kizima: kaondoa, kisha kabaki na zaidi ya alichokuwa nacho. Kosa hili lafaa lioneshwe ubaoni kabla ya kanuni yoyote.

Dawa yake ni kuvikata vipande upya viwe sawa, kwa kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha asili zote. Cha 4 na 10 ni 20, hivyo 15/20 − 2/20 = 13/20. Anayezidisha tu 4 kwa 10 hupata 26/40, jibu sahihi ambalo bado halijarahisishwa.

Huko Mugutha, upande wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, ambako mashamba yamekatwakatwa kuwa ploti, hesabu hii ina uzito wa pesa. Tuseme mtu ana robo tatu ya ekari. Kwa haraka ataona thumuni sita za kuuza. Ila sehemu ya kumi ya ekari ikienda kwa barabara, anabaki na 13/20. Akiuza thumuni tano, 13/20 − 5/8 = 26/40 − 25/40 = 1/40 ya ekari: futi za mraba 1,089, kipande kisichofika hata robo ya ploti ya kawaida. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo wengi huihesabu kuwa thumuni, ina futi za mraba 5,000, ilhali thumuni kamili ina 5,445. Hata kwa kipimo hicho pungufu ploti ya sita haitimii: sita zahitaji futi za mraba 30,000, na baada ya barabara zimebaki 28,314. Heri hilo lijulikane kabla bikoni hazijapandwa na mnunuzi wa sita hajalipa.

Mirathi ya Kiislamu nayo huitegemea hesabu hii. Mwanamume akiacha mke, mama na mwana mmoja tu wa kiume, mke hupata 1/8 na mama 1/6. KDS ni 24, hivyo fungu la mwana ni 24/24 − 3/24 − 4/24 = 17/24.