Nyumba Moja, Familia Moja

Aliyekulia Magomeni au Kariakoo anaijua nyumba ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, jiko na choo uani. Kila chumba kina mpangaji wake, pengine na watoto wanne juu. Mwambie mtu huyo kwamba kuna mji uliotunga sheria kuzuia familia mbili zisijengewe nyumba moja. Atacheka, atafikiri unamtania.

Mji huo ni Berkeley, California, na mwaka ni 1916. Aliyeipigia debe sheria hiyo ni Duncan McDuffie, mfanyabiashara wa viwanja vya Claremont. Hati za viwanja vyake zilisema wazi: Mweusi asiuziwe, Mwasia asiuziwe. Lakini hati hufunga kiwanja chake tu, na jirani ng'ambo ya barabara asiye na hati hiyo hujenga atakavyo. Sheria ya mji ndiyo iliyoweza kufunga mtaa mzima, na mtaa wa Elmwood ukafungwa: nyumba moja, familia moja, fleti marufuku.

Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu. Hapo ndipo penye ujanja, ndugu msomaji. Mwaka 1917 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliibatilisha sheria ya mji wa Louisville iliyowatenga Weusi na Wazungu mtaa kwa mtaa. Sheria ya Berkeley ikasalimika, maana ilizungumzia nyumba tu! Ukikataza fleti umekataza kodi nafuu. Yakhe asiye na fedha ya kununua nyumba nzima na bustani yake anabaki nje, na hakuna aliyemfukuza.

Mwaka 1926 ikaja kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio. Jaji George Sutherland aliandika kwamba jengo la fleti katika mtaa kama huo ni kama kupe, linanyonya uzuri ambao wengine wameutengeneza. Kupe! Na wapangaji sijui ni nani. Baada ya hukumu hiyo miji mingi ilifuata njia ileile. Mwaka 1948 mahakama zilikatazwa kuyatekeleza masharti ya rangi yaliyokuwa kwenye hati, lakini sheria za nyumba ziliendelea kama kawaida.

Februari 2021 madiwani wa Berkeley waliamua kuanza kuachana na utaratibu huo, na Juni 2025 wakaruhusu majengo madogo ya fleti karibu mji mzima. Wapinzani walilia na kivuli, magari, na ukweli kwamba fleti mpya nazo ni ghali. La mwisho hilo silibishii. Milima pia iliachwa nje, kwa hoja ya moto, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: mwaka 1923 ziliungua nyumba zipatazo 600, na barabara za kule juu ni nyembamba.

Kwa hiyo ukipanda kutoka ufukweni mwa ghuba ya San Francisco, ruhusa ya fleti inakoma pale mlima unapoanza. Na kule juu ndiko wanakokaa wenye nazo, wanaoiona ghuba yote wakiwa dirishani.