Batalioni ya Pili ya Tanganyika Rifles, Tabora (kumbukumbu)

Batalioni ya Pili ya Tanganyika Rifles ilikuwa kikosi cha askari wa miguu chenye makao Tabora. Ilitokana na batalioni ya 26 ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, na ilipewa jina jipya Tanganyika ilipojitawala Desemba 1961.

Tarehe 20 Januari 1964 Batalioni ya Kwanza iliasi Dar es Salaam. Siku iliyofuata Tabora ikafuata. Askari walidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Maasi yalizimwa na makomandoo wa Uingereza tarehe 25 Januari, kikosi kikavunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Mkuu wake wa kwanza, Mirisho Sarakikya, alikuwa ofisa Tabora wakati wa maasi.

Kikosi kilichovunjwa kwa aibu hakiachi wa kukitunzia kumbukumbu. Nyaraka nyingi za KAR ziko Uingereza, na Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawaenzi waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia tu. Kazi muhimu zaidi ni kitabu cha JWTZ kuhusu maasi hayo, kilichochapwa na Dar es Salaam University Press mwaka 1993. Si jambo la kawaida jeshi kuandika habari za uasi uliolitangulia.