Umegeuzwa Mlangoni Majuu: Je, Utawahi Kupewa Viza Tena?

Picha ni hii. Umechanga nauli miezi nane, viza iko kwa pasipoti, familia yote imekusindikiza JKIA na picha tayari ziko kwa WhatsApp. Masaa 15 baadaye uko kwa chumba kidogo, afisa ameshika simu yako na anauliza: "Huyu anayekuambia kazi iko tayari ni nani?" Kesho yake uko kwa ndege ya kurudi Nairobi.

Aibu ya mtaa itapoa. Wasee watapata stori ingine. Swali ambalo linabaki ni moja: ukiomba viza tena, ya nchi hiyo ama ingine, itakuwaje?

Jibu la haraka: kurudishwa peke yake, mara nyingi, hakukufungii mlango maisha yote. Mlango hufungwa na mambo mawili. La kwanza ni karatasi uliyopewa ukirudishwa. La pili, ambalo limemaliza watu wengi, ni kile ulisema baadaye kuhusu hiyo siku.

Viza si kiingilio

Watu wengi hudhani ukishapewa viza umeingia. Zii. Viza inakuruhusu kupanda ndege na kubisha mlango. Anayefungua ni afisa wa mpakani, na anaweza kukataa hata kama ubalozi ulikukubali.

Sababu za kawaida: viza inasema unaenda kutembea lakini kwa begi kuna vyeti vya shule na CV kumi, huna doo ya kutosha siku ulizosema, hujui jina kamili la mtu unayeenda kukaa kwake, ama meseji za simu yako zinasema stori tofauti na yako. Ukikataliwa, ndege iliyokuleta ndiyo hubeba mzigo wa kukurudisha.

Usichanganye hii na mambo mengine. Kunyimwa viza ni kukataliwa kabla hujasafiri. Kuzuiwa JKIA na kampuni ya ndege au maafisa wetu si kunyimwa kuingia nchi ya watu, ingawa ni vizuri uhakikishe viza yako haijafutwa. Na kukaa mpaka siku zipite halafu ufurushwe ni kesi ingine kabisa, yenye adhabu zake.

Karatasi uliyopewa inasema nini?

Hapa ndipo mambo iko, kwa sababu wasee wawili wanaweza kurudishwa siku moja, ndege moja, na mmoja aombe viza mwezi ujao wakati mwingine anangoja miaka mitano.

Marekani: Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, afisa anakuruhusu uondoe ombi lako la kuingia na urudi mwenyewe. Karatasi yake ni fomu I-275. Viza kwa kawaida inafutwa, lakini hakuna miaka ya kungoja. Kumbuka hiyo si haki yako, ni afisa anaamua kukupa. Ya pili ni kuondolewa kwa haraka, fomu I-860. Hiyo inakuja na marufuku ya miaka 5, na ukiipata mara ya pili ni miaka 20. Kama wamesema ulidanganya ama ulitumia karatasi feki, marufuku haina mwisho, mpaka uombe msamaha maalum na ukubaliwe.

Uingereza: Kukataliwa Heathrow hakuleti marufuku ya miaka kivyake. Lakini viza inaweza kufutwa, na ombi lako linalofuata litaangaliwa na jicho kali. Noma inaanza wakisema ulitumia udanganyifu kwa ombi. Hapo unaweza kukataliwa kwa miaka 10.

Nchi za Schengen: Unapewa fomu yenye herufi, na afisa anaweka alama kwa sababu yako. E ni kwamba hukuonyesha karatasi za kueleza safari yako. G ni kwamba huna pesa za kutosha. F ni kwamba umemaliza siku zako 90 ndani ya 180. B ni karatasi feki, D ni viza feki. Unaona tofauti: E na G zinaweza kurekebishwa na karatasi bora safari ingine, lakini B na D zinagusa uaminifu wako. Una haki ya kukata rufaa, ingawa rufaa haikuzuii kurudishwa siku hiyo. Zamani walikuwa wanapiga muhuri kwa pasipoti na kuuchora msalaba. Kuanzia Oktoba 12, 2025, nchi 29 zilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta, EES, ambao unaweka rekodi ya waliokataliwa kwa miaka 3. Ukigeuzwa Paris, afisa wa Amsterdam ataona.

Kanada: Unaweza kuruhusiwa kuondoka bila amri yoyote, na hapo hakuna marufuku. Ukipewa amri ya kuzuiwa kurudi, mara nyingi ni mwaka 1. Ikiwa ni kwa sababu ya kusema uongo ama kuficha ukweli, ni miaka 5.

Kwa hivyo ukiwa kwa hicho chumba, usiweke sahihi kwa kitu hujaelewa. Itisha mkalimani kama Kiingereza chao kinakupita, uliza jina la kila karatasi, na ubaki na nakala. Na usiongeze uongo juu ya uongo ndio utoke haraka. Majibu yako yanaandikwa, na mtu atayasoma miaka ijayo.

Swali dogo lenye moto

Sasa umerudi, umetulia, unaomba tena. Ndani ya fomu kuna swali ambalo watu hulipita kama matangazo ya YouTube.

Fomu ya Marekani, DS-160, inauliza kama umewahi kunyimwa viza yao, kukataliwa kuingia, ama kuondoa ombi lako mpakani. Umeona hiyo ya mwisho? Wasee hujiambia, "Mimi nilirudi mwenyewe, sikufukuzwa," halafu wanaweka Hapana. Hilo ni jibu la uongo. Swali limekutaja wewe moja kwa moja.

Uingereza na Kanada zinauliza kuhusu nchi yoyote, si yao pekee. Kwa hivyo kugeuzwa Paris ni Ndiyo. Hata kugeuzwa Namanga ama Busia ni Ndiyo.

Ajenti wa mtaa atakuambia, "Weka Hapana, hawatajua." Watajua. Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zina makubaliano ya kupeana habari za wasafiri, pamoja na alama za vidole. Unaweza kubadilisha pasipoti, hata jina. Vidole ni vile vile. Na wakishika uongo, ajenti hayuko kwa hiyo fomu. Jina ni lako, sahihi ni yako, na "nilijaziwa" ni kilio ambacho maafisa wamekisikia sana.

Piga hesabu. Sema uligeuzwa Ulaya na herufi G, ukosefu wa pesa. Sasa unaomba Kanada. Ukisema ukweli, hasara kubwa ni kwamba unaweza kukataliwa, halafu uombe tena ukiwa umejipanga. Ukificha na washike, umejitafutia miaka 5 bila kuomba chochote. Umechukua kosa la pesa na kuligeuza kuwa kosa la uongo.

Na kama fomu ishaenda na jibu baya? Rekebisha mapema, kabla ya mahojiano, kabla hawajakuuliza. Anayejisahihisha mwenyewe yuko mahali tofauti na anayeshikwa.

Jinsi ya kueleza bila kujichoma

Baada ya kuweka Ndiyo, fomu inakupa nafasi ya kueleza. Usiandike hadithi ya maisha yako. Nusu ukurasa inatosha:

• Tarehe na mahali ulikataliwa.
• Karatasi uliyopewa na sababu iliyoandikwa, vile ilivyoandikwa.
• Nini ilikosekana siku hiyo. Kubali kosa kama lilikuwa lako. Usimtukane afisa.
• Nini imebadilika tangu hapo: kazi, biashara, masomo, stetimenti za benki, barua ya mwenyeji.

Hiyo ya mwisho ndiyo nguzo. Ukiomba wiki mbili baada ya kurudishwa, na maisha yako ni yale yale, unawapa sababu ile ile ya kukukataa. Na ada hairudi: viza ya kutembea Marekani ni dola 185, upewe usipewe. Afadhali ungoje mpaka uwe na kitu kipya cha kuonyesha.

Kama ulipoteza karatasi, ama hukuelewa walichoandika, usikisie. Rekodi yako unaweza kuiitisha. Marekani ina sheria ya kuomba habari za serikali, inaitwa FOIA, na unaandikia idara ya mipaka, CBP. Uingereza pia inakuruhusu kuomba habari zako kutoka wizara ya mambo ya ndani bila malipo. Inachukua muda, lakini ni heri ujue faili inasema nini kabla ubalozi haujakusomea.

Na kama karatasi yako ina marufuku ya miaka, ama neno udanganyifu limeandikwa mahali popote, hiyo si kazi ya ajenti wa mtaa. Tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni ya nchi hiyo. Kuna maombi ya msamaha, lakini yana masharti yake.

Kwa hivyo kabla hujalipa ada ingine, toa ile karatasi kwa bahasha uliyoificha chini ya godoro. Soma kichwa chake, tafuta herufi au nambari ya fomu, angalia kama kuna miaka imetajwa. Piga picha, iweke salama. Siku ile fomu itauliza, uandike kilicho kwa karatasi, si kile ulichoambia wasee wa mtaa.