Adui Wawili wa Ini

Katika mwaka 1960 wafugaji wa Uingereza walipatwa na msiba wa ajabu. Bata mzinga wao walikufa kwa maelfu, hata katika miezi michache zaidi ya 100,000 wakawa wameangamia. Kwa kuwa hapana aliyejua chanzo, maradhi hayo yakaitwa ugonjwa wa X. Wataalamu walipochunguza chakula cha ndege hao, waliona kuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil yameota kuvu, na kuvu ile hutoa sumu. Sumu hiyo ikaitwa aflatoksini. Baadaye ilidhihirika kwamba mtu ailaye kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kupata saratani ya ini.

Katika miaka iyo hiyo, huko Marekani, Baruch Blumberg alikuwa akichunguza damu ya watu wa mataifa mbalimbali. Katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia aliona kitu kigeni, ambacho hatimaye kilijulikana kuwa ni sehemu ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Virusi hivyo hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, navyo pia huleta saratani.

Je, adui hawa wawili wakikutana? Uchunguzi wa Shanghai, uliotangazwa mwaka 1992, ulionyesha kuwa hatari yao haijumlishwi, bali huzidishwa: hufika karibu mara 60 ya ile ya mtu asiye na hata mmoja wao.

Nasi Kenya twaijua sumu hii. Mwaka 2004, Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka vema. Hao hawakuuawa na saratani, bali na sumu nyingi iliyowaingia kwa muda mfupi. Wala kupika hakuiondoi.

Hata hivyo, adui wote wawili wazuilika. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini ikapungua miongoni mwa watoto wake. Chanjo hiyo hutolewa kwetu pia. Nayo kuvu huzuiwa kwa kuanika nafaka mpaka ikauke kabisa, kuiweka ghalani pakavu, na kutupa iliyooza. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ini likiisha kuharibika, ukuta huo ni mgumu mno kuujenga.