Sandarusi ya Mrima na Mng'aro wa Magari

Kazi ya kuosha gari nyumbani, kulikausha kwa kitambaa na hatimaye kulipaka nta, kama inavyofanywa leo katika nyua za Bagamoyo, Kaole na Mbegani, huhesabiwa na wengi kuwa desturi ngeni iliyofika pwani pamoja na gari lenyewe. Hesabu hiyo ni kweli nusu tu, kwa kuwa muda mrefu kabla ya gari la kwanza kuundwa, vanishi iliyong'arisha magari ya farasi ya matajiri wa Ulaya na Marekani, na iliyowalazimu watumishi wao kuyaosha na kuyakausha kwa uangalifu mkubwa, ilipikwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyothaminiwa kuliko zote ilichimbwa katika ardhi ya Mrima, yaani ukanda wa bara unaoelekeana na kisiwa cha Unguja.

Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi ulioganda na kuwa mgumu. Wenyeji wa Mrima waliigawa katika aina tatu kwa kadiri ya umri wake: ile inayotoka mtini ikiwa bado mbichi, ile iitwayo chakazi ambayo huokotwa au kuchimbwa karibu na mizizi ya miti iliyo hai au iliyooza karibuni, na sandarusi yenyewe, iliyolala mchangani kwa karne nyingi mahali ambapo msitu ulikwisha kutoweka, ikawa ngumu kiasi cha kukaribia jiwe. John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyehudumu Unguja tangu mwaka 1866, ndiye aliyewaeleza wataalamu wa London kwamba aina zote tatu ni za mti mmoja, na kwamba tofauti yake ni muda uliokaa ardhini. Wafanyabiashara walikuwa wakiijua tofauti hiyo mikononi mwao zamani, maana chakazi iliuzwa kwa bei ya chini, nayo sandarusi ya kale ilitambulikana kwa vipele vidogo vidogo vilivyoufunika uso wake, mfano wa ngozi ya bata aliyenyonyolewa.

Wachimbaji wengi walikuwa Wazaramo na majirani zao, ambao walichimba mashimo mafupi katika mchanga mwekundu nyuma ya pwani na kuyaacha bila kuyafuata kwa kina, wakiuza walichokipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi walioweka maduka Bagamoyo, Kaole na Mbwamaji. Richard Burton, aliyeshukia Kaole mwaka 1857 akielekea maziwa ya bara, aliwalaumu wachimbaji hao kwa uvivu, lakini lawama yake ni ya kupimwa kwa bei waliyolipwa: mtu anayelipwa kwa vipande vya nguo hana sababu ya kuchimba kisima. Faida ilikuwa kwingine, na wakubwa waliilinda kwa mikataba. Sultani Seyyid Said wa Unguja alikubaliana na Marekani kuhusu biashara mwaka 1833, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja mwaka 1837, na mkataba wa Waingereza wa mwaka 1839 ukatenga biashara ya pembe za ndovu na sandarusi katika pwani yote kutoka Mtangata hadi Kilwa iwe ya Sultani na raia wake. Mbegani na Kaole zilikuwa ndani ya mipaka hiyo, hivyo shehena yote ililazimika kuvuka bahari kwa majahazi hadi forodha ya Unguja ndipo iuzwe kwa mgeni.

Kutoka Unguja, sehemu kubwa ilikwenda Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na huko ilioshwa. Vipande vilivyotoka mchangani vilikuwa na gamba zito la udongo, ambalo liliondolewa kwa kulowekwa katika maji ya magadi na kusuguliwa kwa brashi, kazi iliyoupa mji ule kiwanda chake. Marekani ilipotoza ushuru mzito mwaka 1861 kwa sandarusi isiyosafishwa, uoshaji ulihamia Unguja.

Sandarusi iliyooshwa haikuyeyuka katika mafuta kwa urahisi. Mpishi wa vanishi aliiyeyusha kwanza kwa moto mkali sana, kisha akaichanganya na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, akaizimua kwa tapentaini na kuiacha itulie kwa miezi kadhaa. Gari la farasi lilipakwa tabaka nyingi za rangi na vanishi, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke na kusuguliwa, hata kazi ikachukua wiki nyingi. Uso uliogharimu hivyo haukuachiwa mtu yeyote kuushika. Gari jipya liliogeshwa mara kadhaa kwa maji baridi ili vanishi ikomae, matope hayakuruhusiwa kukaukia juu yake, halikuoshwa juani, wala halikulazwa karibu na zizi, kwa kuwa hewa kali ya mkojo wa farasi hufifisha mng'aro. Baada ya sifongo na maji mengi ilifuata ngozi laini iliyotengenezwa kwa mafuta ya samaki, ambayo hunyonya maji pasipo kukwaruza. Magari ya kwanza ya mota yalirithi vanishi hiyo, na wenye kuyatunza wakarithi utaratibu huo.

Kwa vyombo vyao wenyewe, watu wa Mrima hawakuihitaji sandarusi, wala hilo si ajabu, kwani vanishi ngumu ingepasuka upesi juu ya mbao zinazonyumbuka kwa mawimbi. Chombo kilipandishwa ufukoni wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, kikakwanguliwa mwani na kombe walioganda, kikakaushwa, mara nyingine kwa moto wa makuti unaoua wadudu watoboao mbao, kisha kikapakwa deheni chini, ambayo ni chokaa iliyokandwa kwa mafuta ya wanyama, na sifa juu, yaani mafuta ya maini ya papa. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, alikwisha kuandika kwamba kwa majahazi ya kushonwa mafuta ya papa yaliyashinda mengine yote. Kuosha, kukausha na kupaka ulikuwa basi ufundi wa kale wa pwani hii, ingawa lengo lake lilikuwa uhai wa mbao, si uzuri wa kutazamwa.

Soko la sandarusi lilibanwa kwanza na utomvu wa bei nafuu kutoka New Zealand na Kongo, likapigwa na pigo zito zaidi mwaka 1923, General Motors ilipoleta magari ya Oakland yaliyopakwa rangi ya selulosi ya kampuni ya DuPont, rangi iliyokauka kwa saa chache badala ya wiki. Rangi hiyo ilikuwa na kasoro moja, kwamba mng'aro wake ulififia usiposuguliwa, na hapo ndipo polishi na nta zilipopata nafasi kubwa, hasa nta ngumu inayotokana na majani ya mkanauba, mti wa Brazili wa jamii ya minazi.

Mwenye gari wa Mbegani leo anayekabili upepo wa chumvi na maji ya kisima yanayoacha madoa meupe yakikaukia juani, anatii kanuni zilezile za watunza magari ya farasi, kwa kuosha kivulini na kukausha upesi. Sabuni ya unga, ambayo ndiyo iliyo karibu na ndoo katika nyumba nyingi, huondoa nta pamoja na uchafu, na kwa hiyo gari linaloogeshwa kwayo kila wiki hubaki bila kinga mbele ya upepo huo.