Riali ya Maria Theresa: Pesa iliyopimwa kwa sikio, kidole na mizani

Mwezi Oktoba 2025 bei ya fedha, yale madini meupe ya mikufu na vikuku, ilivuka dola 50 za Marekani kwa wakia. Tangu hapo mwenye sanduku la bibi lenye sarafu kuukuu ana sababu ya kulifungua upya. Katika nyumba za pwani, huenda kikatoka humo kipande kizito chenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Hiyo ndiyo riali ya Maria Theresa, ambayo wazee wa Unguja waliiita reale ya Sham. Mrithi huuliza kwanza itauzwa kiasi gani. Wazee wake wangeuliza kwanza kama ni ya kweli, na jibu wangelipata wenyewe, papo hapo, bila kumwita mtaalamu.

Maria Theresa alitawala Austria, Hungaria na Bohemia tangu 1740 hadi alipofariki Novemba 29, 1780. Sarafu yake kubwa ya fedha ilianza kugongwa 1741, ikashuka na wafanyabiashara hadi Misri, Yemen, Uhabeshi na Ghuba. Alipokufa, wateja wa huko hawakutaka sura nyingine. Vienna ikawaridhia, na kuanzia hapo kila kipande, hata kilichogongwa mwaka jana, huandikwa 1780.

Clara Semple, mwandishi wa kitabu A Silver Legend cha mwaka 2005, ameifuatilia sarafu hii kutoka viwanda vya Ulaya hadi shingoni mwa wanawake wa Arabuni na Afrika. Mwanauchumi Adrian Tschoegl, aliyeiandikia makala mwaka 2001, anavutiwa na jambo jingine: pesa iliyovuka mipaka ya mataifa na kuaminiwa na watu ambao Austria haikuwa na mamlaka yoyote juu yao. Kwa maoni yangu, jibu la fumbo la Tschoegl liko mikononi mwa waliokuwa wakiipokea. Waliiamini kwa sababu waliweza kuipima.

Unguja ya Seyyid Said iliijua vizuri. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta nguo za merikani pamoja na riali, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Ushuru wa bandari ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, na kwenye kaunta za Mabaniani riali zilihesabiwa kwa maelfu. Mwaka 1882 Seyyid Barghash aligongesha riali yake mwenyewe huko Ubelgiji, lakini haikuiondoa ile ya malkia. Miaka kumi na miwili baadaye Menelik II wa Uhabeshi alijaribu vivyo hivyo, akagongesha sarafu zake Paris, na watu wake wakaendelea kudai ya bibi mwenye ushungi. Unguja iliiacha rasmi mwaka 1908, rupia iliposhika nafasi, kwa kiwango cha riali moja kwa rupia mbili na thumni.

Waliipimaje? Kwanza kwa macho. Mchoro wa riali una vitu vingi vidogo, na kila kimoja ni mtego kwa mghushi. Kuna lulu za taji na lulu zinazozunguka pini ya begani, na mteja alizihesabu moja moja. Chini ya sura mna herufi S.F., za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby. Baada ya tarakimu 1780 kuna alama ya msalaba uliolala kama X. Kingine ni manyoya ya mkia wa tai. Sarafu iliyokosa kimojawapo ilirudishwa hata kama fedha yake ilikuwa safi.

Pili, kwa kidole. Ukingo wa riali una maneno ya Kilatini yaliyoinuka, JUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, pamoja na mapambo. Mwizi aliyekwangua ukingo ili aibe vumbi la fedha alifuta maandishi, na kidole kikamfichua. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu ya udongo badala ya kugongwa nayo hujiumbua hapohapo, kwa mshono au kwa herufi zilizovimba.

Tatu, kwa sikio. Riali ikiangushwa juu ya jiwe hulia kwa mlio mwembamba unaokawia kufa. Ya risasi hutoa kishindo kifupi. Mwisho ilikuja mizani. Uzito halali ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Hivyo kila riali ina gramu 23.39 za fedha halisi, kama robo tatu ya wakia.

Kipimo hicho cha watu wa sokoni kilipata mtihani mkubwa mwaka 1935, na mtihani wenyewe ulitoka kwenye serikali za Ulaya.

Mussolini alikuwa akijiandaa kuivamia Uhabeshi. Askari, wapagazi na wauza nafaka wa nchi ile hawakutaka karatasi wala lira. Walitaka riali. Austria, iliyokuwa ikimtegemea Mussolini kisiasa wakati huo, ikampa haki ya kuigonga kwa miaka 25, na chapa zikahamishiwa Roma. Waitalia wakafunga mlango: mabenki na wauzaji wa fedha wa nchi nyingine hawakuweza tena kuipata. Vita vilianza Oktoba 3 mwaka uleule.

London na Paris zilikasirika. Biashara ya Aden, Bahari ya Shamu na Ghuba yote ilitembea juu ya sarafu hii, na sasa ufunguo wake uko mfukoni mwa hasimu. Ufaransa ikaanza kugonga ya kwake. Uingereza ikafuata mwaka 1936, tena katika kiwanda cha Mfalme, kile kile kilichogonga shilingi zilizotumika Nairobi na Dar es Salaam. Je, serikali inayomfunga jela mghushi inaruhusiwa kugonga sarafu ya nchi nyingine? London ilikuwa na pa kusimamia: tangu mwaka 1858 riali haikuwa tena pesa halali ndani ya Austria. Kwa hoja hiyo, ilikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Brussels ikaingia, kisha Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipohitaji riali za kuwalipa wapiganaji wa Uhabeshi dhidi ya Waitalia hao hao. Birmingham nayo ikafuata.

Sasa ya kweli ni ipi? Vienna ingesema ya Roma, kwa sababu ndiyo yenye kibali. Muuza kahawa wa Harar, Uhabeshi, hakujali kibali. Alihesabu lulu, akapapasa ukingo, akasikiliza mlio, akapima. Ya London ikipita, ni riali. Ya Roma isipopita, si riali. Ugomvi wa mabalozi ulidumu zaidi ya robo karne, hadi mkataba wa Roma ulipoisha na Uingereza kukubali, Februari 1962, kuacha kuigonga. Sokoni ulikwisha siku ulipoanza.

Oman iliitumia hadi 1970, ilipopata pesa yake. Leo kiwanda cha Vienna bado huigonga kwa ajili ya wakusanyaji.

Wajuzi wa leo wana mashine ya miale ya eksirei inayosoma madini ndani ya sekunde chache. Lakini mashine hiyo huona ngozi ya juu tu, na ngozi nene ya fedha juu ya shaba inaweza kuipumbaza. Sumaku husaidia kidogo: fedha haivutwi nayo, ila shaba nayo haivutwi. Asidi ya sonara huacha kovu. Kipimo bora cha nyumbani ni cha maji. Weka bilauri ya maji juu ya mizani ya sonara, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize riali kwa uzi mwembamba ndani ya maji isiguse chini wala pembeni. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba itakayosomeka. Riali ya kweli huongeza kama gramu 2.75, na jibu la mgawanyo huwa karibu 10.2. Shaba ya njano iliyopakwa fedha haifiki 9. Hata riali iliyotobolewa kwa ajili ya mkufu hutoa jibu hilo hilo, ili mradi haina kikuku cha madini mengine kilichochomelewa.

Inasikitisha kwamba elimu ya kuipima riali, iliyokuwa ya kila mchuuzi wa Forodhani, leo wengi hawana. Tunaonyesha riali nyuma ya kioo, kimya, kama sura tu. Makumbusho yetu yangeweka kando yake mizani, bilauri na jiwe, watoto wa shule waiangushe na waisikilize wenyewe.

Na wewe mwenye sanduku: usiisugue, usiiyeyushe, na usiiuze kwa uzito kabla ya kujua iligongwa wapi. Kwa dola 50 kwa wakia, fedha iliyomo ina thamani ya karibu dola 37.60. Iliyogongwa Günzburg malkia alipokuwa bado hai ni mali nyingine kabisa, na mwenye kuijua tofauti hiyo asiwe mnunuzi peke yake.