Raspberry Pi inakataa kuongoza kadi ya FPGA: kutafuta shida wapi

FPGA ni chipu yenye inapangiwa kazi kwa faili. Isipojibu, mafundi wengi wanakimbilia kuandika programu upya, wakati shida iko kwenye umeme. Raspberry Pi inaomba volti 5. Zikishuka chini ya 4,63 hivi, inalalamika. Amri vcgencmd get_throttled ikileta 0x50005, umeme ni kidogo. 0x0 ni sawa. Mara nyingi ni kamba nyembamba ya chaji ya simu njo inaleta ile shida, zaidi kwa wenye kutumia betri ya sola.

Kisha masi: ya kadi zote mbili lazima iungane. Pini za Raspberry Pi zinavumilia volti 3,3 tu. Ukitia 5, inaungua, na hakuna programu ya kuiponyesha.

Jambo lenye kudanganya watu ni hili: FPGA nyingi zinasahau kila kitu umeme ukikatika. Kwa iCE40 ya Lattice, Raspberry Pi inaweza kutuma faili upya kwa njia ya SPI, yenye inakuwaka imefungwa mpaka uifungue. Faili ikiingia vizuri, pini CDONE inapanda. Ikibaki chini, pengine faili ni ya chipu ingine. Ikipanda na kazi haitembei, basi sasa ndiyo wakati wa kufungua programu.